Nyanya Si Mchawi, Mpimeni

Mnaosema vihisi ni vya wazungu, hebu angalieni karatasi tunayotumia kupima dimenshia. MMSE, ya tangu 1975, humtaka mgonjwa aandike sentensi na kunakili pembetano mbili zilizopishana. Nyanya wa Ganze ambaye hajawahi kushika penseli akishindwa, hapo umepima ubongo ama shule? Kihisi cha kuvaa mkononi kama saa hakiulizi cheti. Kinarekodi hatua, usingizi, na usiku ameinuka mara ngapi.

Na Kilifi mzee anayezurura usiku huitwa mchawi. Wengine wameuawa.

Vile vya kufungwa kwenye birika la umeme, huko Uingereza, wabaki navyo. Sisi tuleteeni vya nyumba yenye mafiga, pamoja na daktari wa kusoma hizo data kabla jirani hajashika panga.