Kasisi na Mbatata Zake



Apandaye Shume, juu katika milima ya Usambara, hukuta miteremko imejaa mbatata na kabichi, na malori yakipakia kwenda Tanga na Dar es Salaam. Wenyeji wa bara huziita mbatata viazi ulaya. Lakini asili yake ni milima ya Peru, na huko Ulaya kwenyewe zilikuwa mgeni aliyetiliwa shaka.

Nchini Norwei alikuwako kasisi wa shamba, Peder Harboe Hertzberg wa Finnås. Huyu alizipanda mbatata mwenyewe, na mwaka 1763 akatoa kitabu cha kuwaeleza wakulima namna ya kuzipanda na kuzitumia. Makasisi wenziwe walifanya kama yeye, hata wakaitwa makasisi wa mbatata. Vita vilipozuia meli za nafaka, kuanzia 1807 hadi 1814, watu waliijua thamani ya zao lile. Kwetu Tanganyika nako, mapadri wa Kilema, Kilimanjaro, walipanda kahawa kabla ya 1900, na Wachaga wakaifanya mali yao.

Twajifunza nini? Mkulima haamini tangazo. Huamini shamba la jirani anayemheshimu.

Karafuu nayo ilikuja visiwani kwetu ikiwa ngeni, mwanzoni mwa karne ya 19. Leo twaitegemea kama kwamba hapana jingine. Tukumbuke tufani ya 1872 iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja. Tukumbuke pia Ireland, ambako maskini walitegemea mbatata peke yake. Ugonjwa ulipoziingia mwaka 1845, njaa iliua watu kwa malaki. Zao jema likiachwa peke yake huwa hatari.

Hatusemi mikarafuu ing'olewe, hasha! Twasema mwaka wa mavuno haba usitukute mikono mitupu. Pilipili manga na vanila hupanda juu ya miti mingine. Mdalasini hukaa vizuri mpakani mwa shamba. Vanila ina kazi, maana kila ua lataka kuchavushwa kwa mkono, lakini kazi hiyo yafaa kugawanywa nyumbani.

Waanze wale ambao kijiji huwatazama: masheha, walimu wa vyuo na wa skuli, na wajumbe wa chama chetu. Kila mmoja apande miche kumi mahali panapoonekana na wapita njia, asihubiri sana. Jirani akiona mavuno, atakuja mwenyewe kuomba mche.