Siku ya Kwanza Hakuna Nabii

Wasee wa Kisii na Nyamira, hii tabia ya kuzika watu kwa mdomo tuiache. Moyo wa mtu umesimama, madaktari wameurudisha, amelala ICU bado hajaamka. Kabla siku iishe, mjomba anaulizia bei ya jeneza. Kwa grupu ya WhatsApp mwingine anaandika, "Ubongo ulishakufa, tusipoteze pesa." Nani alipima?

Niliacha chuo, ndio, lakini kusoma sijaacha. Seli za ubongo zikifa, zinamwaga protini kwenye damu. Moja inaitwa NSE (sio soko la hisa la Nairobi, tulia). Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unasema ikipita maikrogramu 60 kwa lita, saa 48 au 72 baada ya moyo kurudi, hiyo ni dalili mbaya. Dalili moja tu. Madaktari wanatafuta angalau mbili: mboni za macho zisizoitikia mwanga, picha ya ubongo, kipimo cha umeme wa ubongo. Na wanangoja angalau saa 72, kwa sababu dawa za usingizi zinaweza kudanganya. Dalili zisipolingana, wanangoja zaidi. Hata NSE yenyewe hudanganya: chembe nyekundu zikipasuka kwenye sampuli, inapanda bure.

Sasa kama maabara yenyewe inangoja, wewe ulijua aje kwa masaa sita?

Ukweli tunaujua. Kilichopimwa hapo ni mfuko, sio ubongo. Kila siku ya ICU ni bili, na ng'ombe nyumbani ni wawili. Kusema pesa imeisha si aibu. Aibu ni kuificha nyuma ya "huyo ashaenda."

Mtaniambia hicho kipimo si cha kila hospitali. Sawa. Lakini kungoja hakuhitaji maabara, na mboni za macho zinapimwa kwa tochi. Kinachokosekana ni mtu wa kusimamia hizo siku 3. NHIF ilituachia SHA Oktoba 2024, na bado familia zinafanya harambee. Viongozi wa kaunti, pigania hapo: mgonjwa asikatiwe tamaa kwa sababu ya risiti.

Na wewe kijana uliye na simu, ukiitwa kwa kikao cha familia, uliza maswali mawili tu: zimepita saa ngapi, na daktari ameona dalili ngapi? Wasipojua, hakuna kikao. Mzee akikasirika, mwache akasirike. Mgonjwa bado anapumua.