Kodi Tunakatwa, Barabara Tunamwomba Meneja

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba, waajiri hapa Uganda hukata katika mishahara yetu fedha za Kodi ya Huduma za Mitaa. Hukatwa kwa mafungu manne, na wengi wetu huiona kama tarakimu moja zaidi katika karatasi ya mshahara. Anayepata zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi hadi 200,000 hulipa 5,000 kwa mwaka. Anayezidi hapo hadi 300,000 hulipa 10,000, na kodi huzidi kupanda hivyo mpaka 100,000 kwa mwenye zaidi ya milioni moja. Fedha hizi si za serikali kuu. Ni za halmashauri ya wilaya, ya mji na ya gombolola, na jina lake lenyewe linasema ni za huduma.

Huduma gani basi? Katika matawi tunayoyatembelea, mambo mawili hutajwa hata kabla ya mishahara: njia ya kwendea kazini na maji ya mto. Lakini malalamiko hayo yote hupelekwa kwa meneja. Hapo ndipo tunapopotea.

Wazee miongoni mwetu wanakumbuka kodi ya kichwa, ile tuliyoiita musolo, iliyoondolewa mwaka 2005. Ilikuwa kodi ya mateso. Askari wa gombolola walikuja alfajiri, na mtu mzima alijificha migombani kama mwizi. Hakuna anayetaka irudi. Lakini kwa kuwa iliuma, kila mtu alijua amelipa, na kila mtu aliuliza kwa sauti fedha zimekwenda wapi. Kodi ya sasa ilianza mwaka 2008, nayo hukatwa kimya kimya ofisini na karani wa mishahara. Haiumi sana, kwa hiyo hatuulizi. Madiwani nao wamezoea kutoulizwa.

Natufanye hesabu. Shamba lenye wafanyakazi 800, kila mmoja akikatwa 10,000, hutoa shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, katika wilaya za vijijini gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato, yaani 5,200,000, na wilaya hupata 2,800,000 zilizobaki. Fedha hizi hazijengi barabara ya lami, na atakayewaambia hivyo anawadanganya. Lakini zinanunua makalavati na mafuta ya greda. Na mara ngapi tumeambiwa greda ipo ila mafuta hakuna! Mitambo ya barabara kutoka Japani iligawiwa wilaya mwaka 2017. Tukiiona imeegeshwa uani kwa halmashauri, tuna haki ya kuuliza sababu.

Katika shamba moja la chai huko magharibi, ambalo hatutalitaja, daraja dogo lilibomoka wakati wa mvua. Wachumaji wakawa wanapakiwa katika trela la trekta, wamesimama, akina mama wenye mimba pamoja na vijana, wakizungushwa njia ndefu yenye utelezi. Tulipokwenda kwa meneja alisema barabara ni ya wilaya. Tulipokwenda wilayani tuliambiwa anayeiharibu ni kampuni kwa malori yake, basi kampuni itengeneze. Wenye magari madogo wote wawili, na hakuna aliyepanda lile trela.

Tusikubali kurushwa hivyo kama mpira. Barabara za ndani ya shamba ni za mwenye shamba. Barabara kuu ni za wizara. Barabara za wilaya ni za halmashauri ya wilaya, na njia za vijijini ni za gombolola. Kabla ya kulalamika, kamati ya tawi na ijue barabara yake iko katika fungu gani, na jibu hilo lipatikane kwa maandishi kutoka kwa mhandisi wa wilaya. Usafiri wa trela ni jambo jingine, nao ni wa mwajiri. Hata barabara ingekuwa nzuri kama kioo, mtu si gunia la majani.

Kuhusu mto, Katiba ya mwaka 1995 inasema mito, maziwa na vinamasi vimewekwa mikononi mwa serikali au serikali za mitaa kwa niaba ya raia. Si mali ya kiwanda kilicho juu ya kilima. Kila wilaya inapaswa kuwa na ofisa mazingira. Kanuni za mwaka 2000 zinakinga mita 30 kutoka ukingo wa mto, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Hata hivyo sisi wenyewe tunatumwa kupanda miwa mpaka majini, na jioni watoto wetu wanateka maji hapo hapo.

Wako ndugu wanaosema: tukiutaja mto, kiwanda kitafungwa na sisi tutakula nini? Hofu hiyo tunaielewa, na wenye viwanda wanaijua vizuri kuliko sisi, ndiyo maana wanaitumia. Lakini tunachodai ni bwawa la kusafishia maji machafu na kibali kinachofuatwa. Hatudai kufuli mlangoni. Kiwanda kinachopata faida kwa kutosafisha maji yake kinatulipisha sisi dawa za kuhara.

Bungeni wafanyakazi tumewekewa viti 5, lakini kalavati la njia ya shamba halipangwi Bungeni. Hupangwa katika mkutano wa bajeti wa wilaya, ambao kwa kawaida hufanyika Oktoba au Novemba, yaani mara tu kodi yetu inapokwisha kukatwa. Wafanyabiashara huhudhuria. Makanisa na misikiti hupeleka watu wao. Viti vyetu huwa vitupu.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi, kabla ya mwisho wa Septemba, likusanye karatasi za mishahara, lijumlishe kodi iliyokatwa, na limwandikie mwajiri atoe stakabadhi za kuonyesha fedha zilifikishwa halmashauri. Kisha wachaguliwe watu 2, mmoja awe mwanamke, waende mkutanoni na hesabu hiyo mkononi. Nakala ya hesabu iletwe ofisi ya chama.