KIBAO CHA MWENDO NA RATIBA YA TAJIRI

Ndugu Wanachama,

Kila gari likipinduka tunasikia neno lile lile: dereva alikuwa akienda mbio. Sasa mabwana wa maofisini wanasema dawa imepatikana, nayo ni vibao vya taa ambavyo namba yake hugeuka kwa kufuata mvua, ukungu au msongamano. Uingereza wanavyo katika barabara ya M25 tangu mwaka 1995. Sisi hatuvipingi. Ila tunauliza: kibao kinamwambia nani, na nani hakiambiwi kitu?

Huko Finland, katika barabara ya E18 baina ya Kotka na Hamina, wataalamu walipima jambo hili miaka ya 1990. Wakati wa utelezi kibao kilishushwa kutoka 100 mpaka 80, na mwendo wa kadiri ukapungua kama kilomita 3 kwa saa. Lakini mbali na hizo, madereva walikuwa wakipunguza kama kilomita 6 kwa kuiona tu hali ya njia. Maana yake, kibao kinasaidia, lakini macho ya dereva yanasaidia zaidi. Dereva si mjinga. Anaipenda roho yake kama tajiri anavyoipenda mali yake.

Basi njooni Kotile. Shukeni kutoka Garissa kwa ukingo wa mashariki wa mto Tana, mkifuata njia ya Masalani. Kiangazi ni vumbi, na ng'ombe wanakata njia kwenda mtoni kunywa. Mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Ni njia moja, lakini mwendo wa salama wa leo si wa kesho. Hakuna dereva wa huku anayengoja taa imwambie hayo. Kinachomkataza kupunguza ni ratiba.

Mimi ninayeandika niliwahi kuendesha lori la tajiri mmoja aliyelipa kwa safari. Siku moja mvua ilitukamata, mimi na taniboi wangu tukalala njiani mpaka udongo ukauke. Tulipofika, mzigo ulikuwa mzima na gari zima, lakini pesa zetu zilikatwa kwa kuchelewa. Je, safari iliyofuata nilifuata mvua au nilifuata tumbo la watoto wangu? Nilikwenda mbio, na ninaona haya kulisema.

Hatusemi madereva wote ni malaika. Wako wanaoshindana njiani kwa ujinga tu, na hao Chama hakiwatetei. Lakini tangu mwaka 2004 magari ya abiria ya Kenya yamelazimishwa kufunga vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti hicho hakijui matope wala ng'ombe. Na breki za gari lililo katika 80 zinahitaji nafasi zaidi ya mara mbili na nusu ya lile lililo katika 50. Chuma kimefungwa kwenye gari. Mbona hakuna kilichofungwa kwenye ratiba?

Jambo hili linawezekana. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1984 inasema kwamba mwajiri akitoa ratiba isiyoweza kutimizwa ila kwa kuvunja kiasi cha mwendo, karatasi ile yaweza kuletwa mahakamani kuwa ushahidi kwamba yeye ndiye aliyemchochea dereva. Kumbe tajiri naye anaweza kusimama kizimbani!

Mpango wa LAPSSET una barabara ya lami kutoka Lamu kupitia Ijara mpaka Garissa. Lami huleta mbio. Kabla ya mbio kuja, tudai haya:

1. Malipo ya mwezi, si ya safari.
2. Saa za kungoja mvua na mafuriko zihesabiwe kuwa saa za kazi.
3. Ratiba iandikwe, itiwe sahihi ya mwajiri, na dereva abaki na nakala yake.
4. Penye vivuko vya mifugo na penye utelezi viwekwe vibao vya kugeuzwa kwa mkono, kimoja cha kiangazi na kimoja cha masika. Havihitaji umeme.

Ndugu, ukipewa ratiba ya mauti, usiitie mfukoni ukanyamaza. Ilete kwenye mkutano wa tawi. Mmoja akikataa hufukuzwa. Tukikataa sote, ratiba ndiyo itakayobadilishwa.

Ni mimi, dereva mwenzenu.