Garissa pia tunasoma kompyuta

Mwandishi, makala yako kuhusu masomo ya kompyuta imeishia Nairobi. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wengi tuliotoka Wajir na Mandera hatukuwa tumegusa kompyuta shuleni, hivyo programu za kwanza tuliziandika kwenye daftari, mstari kwa mstari, ndipo tukaingia maabara. Ilinijenga sana. Ukifuatilia kitanzi kwa kalamu, ukibadilisha mwenyewe thamani ya kila kigeu kwa kila mzunguko, unajua kitakwama wapi kabla mashine haijakuambia. Hadi leo kazini natafuta hitilafu hivyo hivyo.

Jamaa zangu waliniuliza mbona niende huko baada ya tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa chuoni. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Kingefungwa moja kwa moja, msichana ambaye wazazi wake hawawezi kumpeleka Eldoret au Nairobi angebaki nyumbani.

Waajiri wa Nairobi, tafadhali wapokeeni wanafunzi wetu kwa mafunzo ya kazini. Wanaziweza kazi hizo.