Wanaojificha mitandaoni waambiwe ukweli wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu mitandao ya kuficha jina, hasa ule uitwao Tor. Wapo wanaowaambia vijana wetu kwamba ukiutumia, hakuna awezaye kukujua. Huo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humponza mtu.

Tor ilitokana na utafiti ulioanza katika maabara ya Jeshi la Majini la Marekani miaka ya 1990. Ujumbe hufungwa kwa maandishi ya siri, tabaka juu ya tabaka mithili ya kitunguu, kisha hupitishwa katika mashine tatu. Ya kwanza humjua mtumaji lakini haijui ujumbe unakwenda wapi. Ya mwisho hujua unakokwenda lakini haimjui mtumaji. Kazi hiyo ni nzuri na sina ugomvi nayo.

Lakini kufunga bahasha si kuficha safari ya tarishi. Anayeweza kutazama mahali pa kuingilia na pa kutokea hana haja ya kusoma hata neno moja. Hulinganisha saa na ukubwa wa mizigo tu. Waliounda Tor walilieleza jambo hili wazi mwaka 2004. Mapema zaidi, mwaka 1981, David Chaum wa Marekani alipendekeza mashine zikusanye barua nyingi, zizichanganye, ndipo zizitoe kwa pamoja. Tor haizicheleweshi hivyo, kwa kuwa watu wanataka kurasa zifunguke upesi.

Mfano upo. Tarehe 16 Desemba 2013, Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea vitisho vya mabomu vilivyopitia Tor, na majengo manne yakaondolewa watu. Hakuna aliyefungua kitunguu. Chuo kilitazama kumbukumbu za mtandao wake chenyewe, kikaona nani alikuwa ameunganisha na Tor saa chache kabla ya vitisho kufika. Mwanafunzi mmoja alihojiwa, akakiri. Alitaka kukwepa mtihani.

Wengine watasema: vema, mkosaji kakamatwa. Nakubali. Lakini, ndugu mhariri, saa haiulizi nani mkosaji na nani mwema. Karani anayefichua wizi wa fedha za ushirika kwa kutumia mtandao wa ofisi yake anaweza kujulikana kwa njia hiyo hiyo. Mkubwa wake atauliza tu: nani alikuwa kwenye Tor asubuhi ile? Ikiwa ni mmoja, basi kwisha kazi.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, wanaofundisha matumizi ya mitandao hii waeleze na mipaka yake, wasitoe ahadi tupu. Pili, anayetoa siri ya uovu asitumie kamwe mtandao wa yule anayemfichua. Tatu, wananchi wa kawaida nao waitumie kwa shughuli zao halali, maana mtu mmoja uwanjani huonekana, lakini katika umati wa gulio si rahisi kumtambua.

Ngao ni kitu chema, ila askari aambiwe ina tundu wapi kabla hajaingia vitani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.