Muziki Ufunguliwe kwa Hatua za Nani?

Juzi nilikaa kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kike, hapa Kyela, nikatoka nimenuna. Ukumbi ulipita. Mchele ulipita bila mjadala. Nani atajadili mchele Kyela? Tukafika kwenye kipengele cha kufungua muziki. Mwenyekiti, ambaye ni baba yetu mdogo, akasoma: bwana na bibi harusi watacheza walsi, ile dansi ya hatua tatu ya kuzunguka. Mwalimu atatoka Mbeya, atawafundisha wiki mbili, na fungu lake limetengwa. Makofi! Mstari wa chini yake: wapiga ing'oma, dakika 10, getini, wageni wakiingia. Malipo: soda na chakula.

Nikanyoosha mkono. Kwa nini walsi?

"Kwa sababu, mwanangu, tunataka harusi ya kistaarabu."

Haya bwana, tuuzungumze huo ustaarabu. Walsi haikuzaliwa ikulu. Ni dansi ya wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani, watu wa zizini na shambani kama sisi wa majaruba. Ilipochezwa kwenye dansi ya mtawala kule London mwaka 1816, gazeti la The Times liliikemea kwa ukali, eti ni aibu mwanamume na mwanamke kukumbatiana hadharani namna ile. Leo ngoma hiyo hiyo ya wakulima, iliyoonekana uhuni, inaletwa Kyela ili itutoe ushamba! Wakulima wa kwao wanaingia ukumbini, wakulima wa kwetu wanabaki getini na soda.

Lakini ngoja, usinishangilie mapema. Kuna mshikaji wangu mmoja, mwandishi chipukizi kama wewe, anasema dawa ni kupiga marufuku kila cha mgeni. Walsi ni kasumba, basi. Na yeye simkubali. Ziwa letu halijawahi kuwa na ukuta. Beni ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za Wazungu; askari wa vita vya 1914 hadi 1918 wakaisambaza; ilipofika Ziwa Nyasa, watu wakatengeneza tarumbeta zao kwa vibuyu, wakapiga kwata, na leo tunaita mganda kule Mbamba Bay na malipenga ng'ambo Malawi. Nani atathubutu kuiita ya kigeni? Na dansi je? Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Rumba ilitoka Kuba, Wakongo wakaifanya yao mpaka UNESCO ikaiandika kuwa urithi wao mwaka 2021. Kuazima si kosa. Kosa ni kuazima kitu ukakiweka kabatini, wengine wakitazame tu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kamati. Hiyo walsi ya ukumbini inachezwa na wawili, dakika tatu, wakihesabu hatua midomo ikitikisika, na ukumbi mzima umekaa na simu juu. Bibi yetu kutoka Ipinda atakaa kwenye kiti cha plastiki kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Na mguu wa ngoma anao!

Godfrey na Monica Wilson walipoishi huku kwetu miaka ya 1930, waliandika jinsi Wanyakyusa walivyocheza hata msibani: wanaume na mikuki, wanawake wakipita katikati yao. Msiba ulichezwa na wote. Iweje furaha itazamwe?

Nikatoa pendekezo. Muziki ufunguliwe kwa rumba, maana ndiyo mama na baba waliyoicheza ujanani, na wimbo wa pili wainuliwe wazee. Kisha ing'oma iingie ndani, katikati ya ukumbi, na wapigaji walipwe fedha taslimu kama anavyolipwa mwalimu wa Mbeya. Kama maharusi wenyewe wanaipenda walsi, waicheze, sina kinyongo.

Mwenyekiti akasema, "Hoja imepokelewa." Mnaijua hiyo. Ndiyo sanda ya hoja.

Nikaenda uani. Mama alikuwa anamimina chai ya wajumbe, mdogo wangu anapanga vikombe. Nikamwuliza: wewe unataka walsi?

"Kaka, mimi nataka kucheza na mama. Hakuna aliyeniuliza."

Vikao vinne vimekaa, wajumbe 14, na bibi harusi hajaulizwa hatua ya kwanza ya ndoa yake!

Na nyinyi waandishi wenzangu mnaocheka, chekeni polepole. Na sisi tuna walsi zetu. Tunaandika hadithi tukihesabu hatua, tukimwogopa mwalimu asiyeonekana, tukitaka msomaji akae kitini atushangae. Watu wa Matema na Itungi tunawapa dakika 10 getini, mwanzoni mwa hadithi, ili kuleta harufu ya samaki. Kisha tunaingia ndani na watu wetu wa maana. Msomaji hainuki, na hana pa kuinukia.

Kikao kijacho ni Jumamosi. Nitanyoosha mkono tena, na safari hii siendi peke yangu: mdogo wangu ataacha vikombe, akae kitini, aseme mwenyewe. Wakitujibu tena kwamba hoja imepokelewa, tutauliza: imepokelewa na nani, na inachezwa lini?